Mtoto wa skuli akitajwa kwenye grupu: la kufanya kabla hajahukumiwa na mtaa

Huwa inaingia kwenye grupu la WhatsApp la wazazi baina ya Magharibi na Isha, watu wameshakaa. Sauti ya nusu dakika, ya mtu unayemjua lakini si sana: “Assalaam alaykum jamani, wazazi tuwe macho. Kuna watoto wa Fomu Tatu wa skuli yetu, wanne, mmoja wao wa yule bibi wa hapo juu, wamekamatwa na unga nyuma ya vyoo. Mimi nimeambiwa na mtu wa uhakika. Wapelekeeni na wenzenu wajue.” Isha ikiadhiniwa, habari imeshafika Wete, Mkoani, na kwa shangazi aliyeko Muscat.

Mwongozo huu ni wa jioni hiyo na siku zinazofuata. Ni wa mzazi, mwalimu, admini wa grupu na sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa), na hapa kwetu Zanzibar si ajabu mtu mmoja akawa wawili au watatu kati ya hao. Hautaki kumfichia mtoto kosa. Unataka tuhuma ifike kwa mwenye kazi ya kuichunguza kabla haijafika kwa kila mwenye simu.

Ujumbe ukiingia

Usiupeleke mbele. Hilo kila mtu atakwambia analijua, kwa hiyo nitaje mambo mawili ambayo watu hawayahesabu kuwa ni kusambaza. Moja ni kumsikilizisha mtu barazani, simu mkononi mwako: “Hebu sikiliza hii.” La pili, na kwangu mimi ndilo baya zaidi, ni kuuliza grupuni, “Ni mtoto wa nani huyo?” Anayeuliza huona hajamtaja mtu. Lakini swali lake ndilo linaloyaita majina. Atatokea mmoja aandike herufi za mwanzo tu, ajione ana staha, na mwengine amalizie. Pemba nzima ilihesabiwa watu 543,441 katika sensa ya 2022. Ukishasema skuli, fomu na “wa hapo juu”, umeshamtaja mtoto mpaka jina la babu yake.

Hata ile “Astaghfirullah, watoto wa siku hizi!” iweke. Anayeisoma ataelewa kuwa umeshakubali.

Chukua daftari, gawa ukurasa

Upande mmoja andika kilichoonekana. Upande wa pili andika kilichosemwa juu yake. Ifanye kweli, kwa kalamu, usiifanye kichwani, maana kichwani pande hizi mbili huchanganyika.

Jaribu na ile sauti ya unga, yaani dawa za kulevya. Msemaji hakuona kitu, ameambiwa. “Mtu wa uhakika” hana jina. “Wamekamatwa” na nani? Na mwalimu, mlinzi, au polisi? Kama ni polisi, kituo kipi, na wazazi wameitwa? “Unga” nani kaupima? Kitu cheupe kwenye kipande cha nailoni kinaweza kuwa kidonge cha kichwa kilichosagwa. Ukimaliza, upande wa kwanza wa ukurasa uko mtupu, na maneno yote yamekaa upande wa pili. Habari nyingi za jioni ziko hivyo.

Ikiwa ni video, jiulize inaanzia wapi na inakatika wapi, na nani kaikata. Angalia pia sare. Shati jeupe na suruali ya buluu huvaliwa skuli nyingi, na kama beji haisomeki huwezi kusema ni skuli yako, sembuse ni mtoto fulani. Na usidhani ni sisi tu. Januari 2019, kule Washington, kipande kifupi cha video kilionesha wanafunzi wa kiume wa skuli moja ya Kikatoliki ya Kentucky, mmoja wao amesimama uso kwa uso na mzee wa jamii ya wenyeji asilia wa Marekani anayepiga ngoma. Mara moja watoto wale wakahukumiwa nchi nzima kuwa walimzingira mzee na kumkejeli, na vitisho vikazidi mpaka skuli yao ikafungwa kwa siku. Zilipotoka video ndefu, ikaonekana kuwa kabla ya hapo kundi jengine la watu wazima lilikuwa likiwatukana wanafunzi, na kwamba mzee ndiye aliyewaendea. Watu bado wanabishana juu ya siku ile. Lakini CNN na Washington Post, walioshitakiwa na mmoja wa wanafunzi hao, walimalizana naye nje ya mahakama mwaka 2020.

Kwa aliyesoma chuoni, yaani madrasa, hakuna jipya hapa. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat inaamrisha habari ichunguzwe kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Tunaisoma vizuri sana. Simu ikilia tunaisahau.

Admini, hapa ndipo pako

Admini wa grupu la wazazi ana uwezo ambao sheha hana: anaweza kufuta ujumbe wa mtu mwengine kwa wote, na anaweza kulifunga grupu waandike maadmini peke yao. Tumia vyote viwili, lakini kabla ya kufuta, hifadhi skrinshoti yenye nambari na saa, pamoja na sauti yenyewe. Inaweza kuhitajika polisi. Ihifadhi wewe na mwalimu mkuu, basi.

Halafu andika maneno mafupi. Ukiwa huna, chukua haya:

“Wazazi wenzangu, ujumbe ulioingia saa 1 usiku kuhusu wanafunzi nimeuondoa. Habari imefikishwa kwa mwalimu mkuu. Mwenye kuona kwa macho yake anipigie mimi au yeye, asiandike hapa. Hakuna jina la mtoto litakalotajwa kwenye grupu hili, liwe la aliyetuhumiwa au la anayelalamika. Grupu litafunguliwa kesho saa 2 asubuhi.”

Watakuja kukulaumu faraghani kuwa unaficha. Wajibu kwa swali moja: “Wewe uliona?” Na kwa anayeshikilia kusambaza, mkumbushe kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafika huku pia. Anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo, kwa nia ya kumchafulia mtu jina au kupotosha umma, anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3. Kwa kawaida watu husikia vizuri zaidi ikitajwa pesa.

Ipeleke inakohusika

Kabla sijataja milango, niseme jambo linalonikera. Ukiwaambia watu wasisambaze, wapo wanaofahamu kuwa wanaambiwa wanyamaze. Kunyamaza kwetu tunakujua: muhali. Mtoto kadhalilishwa, wazee wa pande mbili wanakaa, zinatolewa pesa, inasomwa fatha, yamekwisha, na aliyefanya anapita njiani mchana kweupe. Mimi naona muhali na mbio za grupuni ni ugonjwa mmoja. Katika yote mawili hakuna hata mtu mmoja aliyekwenda kwa mpelelezi. Wa muhali wanaua ushahidi kwa kuuzika, wa grupu wanauua kwa kuwafundisha mashahidi maneno ya kusema.

Kwa hiyo peleka, na peleka haraka.

Jambo la nidhamu ya skuli (kupigana, kuiba simu, kukimbia masomo, kuvunja madirisha ya dakhalia) liende kwa mwalimu mkuu, na likimshinda liende kamati ya skuli. Jambo lenye sura ya jinai liende polisi, na kwa kuwa ni watoto, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Mwambie na afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Ukiwa hujui uanzie wapi, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure.

Udhalilishaji wa kijinsia una haraka yake peke yake. Mtoto asikogeshwe, nguo zisifuliwe, zitiwe kwenye mfuko wa karatasi na si wa nailoni, na apelekwe kwenye kituo cha Mkono kwa Mkono, kama kile cha Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, ambako daktari, polisi na ustawi hukutana pamoja ili mtoto asizungushwe. Dawa za kuzuia VVU zina mwisho wa saa 72. Asiulizwe maswali na mama, kisha shangazi, kisha jirani, kisha mwalimu, kwa sababu kila anayeuliza humtilia neno lake. Na pale anayelalamikiwa naye ni mtoto wa skuli, kuna watoto wawili wa kulindwa majina, si mmoja. Kumwamini anayelalamika kiasi cha kumpeleka hospitali na polisi saa ileile hakuhitaji umhukumu mwenziwe hadharani.

Sheha anapopelekewa, kazi yake ni kuandika na kufikisha. Hana ruhusa ya kumfungia mtoto ofisini mpaka akiri, wala ya kuwapatanisha watu kwenye kosa la jinai.

Mtoto akiwa wako

Hapa ndipo wazazi wengi huharibu, na huharibu kwa mapenzi. Baba anarudi na hasira kwa aibu aliyoipata msikitini, anavua mkanda: “Sema kweli!” Mtoto anasema. Anasema lolote litakalouondoa mkanda. Asubuhi yake maneno hayo yanakuwa “kakiri mwenyewe mbele ya babake”, na huwezi tena kuyarudisha.

Kukiri kwa mtoto aliyebanwa kuna historia ndefu. Mwaka 1989 mjini New York vijana watano wa miaka 14 hadi 16 walituhumiwa kumbaka na kumpiga mwanamke aliyekuwa akikimbia mazoezi katika bustani ya Central Park. Wanne walirikodiwa kwenye video wakikiri, baada ya kuhojiwa saa nyingi. Magazeti yaliwaita wanyama, na Donald Trump, wakati huo tajiri wa majengo, alilipia matangazo magazetini ya kutaka adhabu ya kifo irudishwe. Walitiwa hatiani, wakafungwa miaka. Mwaka 2002 mtu mwengine kabisa, aliyekuwa tayari gerezani, alikiri kuwa alifanya peke yake, na vinasaba vikathibitisha ni yeye. Hukumu zikafutwa, na mwaka 2014 jiji likakubali kuwalipa dola milioni 41. Fikiria video nne za kukiri, na zote si kweli.

Basi fanya hivi. Subiri hasira ishuke, hata kama ni mpaka baada ya Isha. Kaa na mtoto pahala ambapo ndugu zake hawasikii. Muulize swali moja lililo wazi: “Niambie siku ya leo ilivyokwenda, tangu ulipotoka hapa.” Usimuulize “Mlikuwa na unga au hamkuwa nao?” Mwache aseme mpaka mwisho, ukimya ukiwepo usiujaze. Ukimaliza, andika ulichosikia, tarehe na saa, uweke. Usimrikodi kwenye simu, simu huazimwa. Usimtume kwenda kuomba radhi nyumba kwa nyumba kabla hujajua ameomba radhi ya nini.

Kisha andika orodha ya waliokuwa naye na wapi: nani alikaa naye darasani kipindi cha mwisho, gari gani alipanda, aliswali wapi. Usiwaendee watoto hao kuwahoji. Orodha ni ya kumpa mwalimu mkuu au mpelelezi.

Akiitwa polisi, nenda naye, usimpeleke mtu wa badala. Omba ahojiwe ukiwepo wewe au afisa ustawi, na asiwekwe pamoja na watu wazima. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inamhesabu mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, na kesi zao zina Mahakama ya Watoto, kwa hiyo beba cheti cha kuzaliwa. Kama huna uwezo wa wakili, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kipo, Unguja na Pemba, na majimboni wapo wasaidizi wa sheria. Akikwambia mtu “asiye na kosa hahitaji mwanasheria”, mpishe.

Skuli ikimsimamisha, omba barua inayosema kwa nini na mpaka lini. “Abaki nyumbani kwanza” ya mdomo imewahi kumla mtoto muhula mzima na mtihani juu yake.

Na kuna ile desturi yetu ya kumkatia tiketi ya boti. Mtoto wa Pemba anapelekwa kwa ami yake Unguja, wa Unguja anapelekwa Dar es Salaam, “mpaka watu wasahau.” Watu hawasahau, wanasema kakimbia. Kama hakuna tishio kwa maisha yake, mbakishe, na kwa wiki za mwanzo asiende skuli peke yake. Kaka au jirani anayeheshimika afuatane naye mpaka getini. Kama tishio lipo, mwambie mpelelezi na mwalimu mkuu anakwenda wapi kabla hajaondoka.

Usiingie grupuni kujitetea. Ninajua inauma.

Mwalimu

Usimsimamishe mstarini. Mtoto aliyetajwa mbele ya wanafunzi mia tano, ukija kumsafisha ofisini mbele ya mmoja, hujamsafisha.

Ziko njia mbili za kutafuta mkosa ambazo skuli na madrasa zetu huzitumia bila ya kufikiri. Ya kwanza ni kura ya siri: kila mwanafunzi anapewa kipande cha karatasi aandike anayemshuku. Kinachotoka pale ni orodha ya wasiopendwa. Hutoka yule mgeni aliyehamia muhula huu, maskini asiye na viatu, mwenye ulemavu, na yule aliyewahi kuiba kalamu darasa la tatu. Ya pili ni kutishia Halbadiri, kisomo kinachoaminiwa kumdhuru mkosa. Sina neno na kisomo. Lakini mtoto wa miaka kumi na tatu akiambiwa atavimba tumbo, hutetemeka awe ameiba au hakuiba, na wanaomtazama husema: “Si huyo, anatetemeka?”

Ukikutana na wasichana wanaoanguka darasani na kupiga makelele, na mmoja wao katika hali ile akataja jina la mwanafunzi kuwa ndiye anayewaroga, usiruhusu jina hilo litoke nje ya mlango. Waliokuwapo 1995 wanakumbuka hofu ya popobawa, jini aliyesemwa huwavamia watu usiku, ilivyoanzia Pemba ikavuka bahari mpaka Unguja, watu wakilala nje kwa makundi, na ilivyoishia mjini kwa umati kumuua mtu asiye na hatia, mgonjwa wa akili, kwa kudhani ndiye. Watenganishe wanafunzi wanaoanguka, uwapeleke kwa daktari, ita wazazi wao mmoja mmoja, punguza watazamaji. Aliyetajwa kaa naye wewe mpaka wazee wake wafike.

Mwalimu mkuu atoe taarifa moja kwa wazazi siku hiyohiyo, hata kama hana jibu: kuna jambo limeripotiwa, limefikishwa kwa fulani, taarifa itafuata tarehe fulani. Na tarehe hiyo ikifika aitoe kweli. Pengo la siku tatu bila neno la skuli hujazwa na mwenye sauti ya nusu dakika.

Jibu likipatikana

Kama ni kweli, jina bado halitoki. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia 1991, unataka katika ibara ya 40 mtoto ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitike kisheria, na siri yake ilindwe katika hatua zote za kesi, pamoja na ile ya mwisho. Adhabu iko kwa mahakama au kwa skuli. Grupu la wazazi halina adhabu ya kutoa.

Kama si kweli, kazi ndiyo kwanza inaanza. Barua ya skuli ya kumsafisha mtoto iandikwe, isainiwe, apewe mzazi, nakala kwa sheha. Taarifa isomwe mahali palepale tuhuma ilipopita: grupu lilelile, mstari uleule, na kama iliguswa kwenye darsa, basi kwenye darsa. Mzazi aulizwe kwanza kama anataka jina litajwe, kwani wengine hupendelea “wanafunzi wale” iishie hapo. Aliyetuma sauti ile atume nyengine, kwa sauti yake, aseme: “Nilichosema siku fulani hakikuwa kweli.” Kuondoka grupuni kimyakimya si kuomba radhi. Akikataa, na mzazi akitaka kwenda mbele, skrinshoti na sauti aliyoihifadhi admini ndipo zinapofanya kazi.

Taarifa hiyo ya mwisho ibandike juu ya grupu, na wewe mzazi ihifadhi kwenye simu yako pamoja na picha ya barua. Sauti za namna hii hurudi, mara nyingi karibu na mitihani au mtoto anapoposa au kuposwa, bila ya tarehe, kana kwamba ni za leo. Ikirudi, usibishane. Tuma picha ya barua, chini yake andika tarehe, na mwambie admini aifute ile sauti kwa mara ya pili.